Nyuma ya Bomba

Kwenye gereji za huku kwetu gari halitoi sauti, gari linalia. Neno ni lile lile tunalolitumia kwa mtoto mchanga, kwa kengele ya shule na kwa mtu aliyefiwa. Fundi hujali sana namna ya kulia: "Hili linalia vizuri," atasema, au, "Hili linalia kama debe." Nilipopeleka Altezza yangu kutengenezewa bomba jipya la moshi, ambalo mtaani wote tunaliita ekzosi, fundi hakuanza na bei wala unene wa bomba. Aliuliza nataka lilie vipi. Nilimjibu papo hapo, kwa sababu jibu nilikuwa nalo tangu nikiwa kidato cha pili. Lakini kuna swali jingine ambalo hakuliuliza, na ndilo lililonikalisha kuandika: likilia, linamlilia nani?

Dutwa iko kwenye barabara ya lami inayotoka Bariadi kwenda Lamadi, ambako inakutana na barabara kuu ya Mwanza na Musoma, jirani na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Ni nchi ya pamba. Msimu ukifunguliwa, malori hupita yakiwa yamejaa hadi yanaonekana kama nyumba zinazotembea. Pamoja nayo hupita mabasi, bodaboda, baiskeli zenye magunia ya mkaa, ng'ombe wanaokwenda kunywa maji, na wanafunzi wanaotembea pembeni wakiwa wameshika madaftari. Katika msafara huo gari la spoti lililo chini chini ni kama mgeni aliyevaa suti kwenye palizi.

Altezza ilitengenezwa na Toyota kati ya 1998 na 2005. Yangu ina injini ya lita 2 na gia sita za mkono, na kiwanda kiliitangaza kuwa na nguvu farasi 210. Kwa wenzetu wa Ulaya hilo ni gari kuukuu. Kwetu, baada ya kupita bandarini Dar es Salaam na kubadilisha wamiliki kadhaa, bado ni ndoto. Mama yangu, ambaye nyumba yake iko hatua chache kutoka barabarani, alinipa tathmini yake siku ya kwanza: "Mwanangu, ukipita najua ni wewe. Na kuku nao wanajua."

Nianze na raha, kwa sababu mtu anayejadili maadili ya jambo asilolipenda ana kazi rahisi mno.

Ekzosi ya kiwandani iliyotengenezwa mahususi kwa gari hili ipo, lakini kuiagiza kutoka Japani ni kununua kipande cha gari kwa bei ya shamba. Hapa kijijini tuna mashine ya kuchomelea, grainda, na mabomba ya chuma kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Mashine ya kupinda bomba hatuna. Kwa hiyo fundi hulikata bomba vipande vyembamba vya mshazari, anavipanga kimoja baada ya kingine, anaviunga kwa moto, na taratibu bomba lililonyooka linakunja kona na kupita juu ya ekseli ya nyuma. Kona moja inaweza kumla asubuhi nzima. Akimaliza anapitisha kidole ndani kutafuta mabonge ya kuchomelea, kwa sababu kila bonge ni kikwazo kwa moshi.

Wengi hudhani bomba likiwa pana zaidi gari litakuwa na nguvu zaidi. Moshi hautoki kama maji ya bomba. Unatoka kwa mapigo, pigo moja kila vali ya silinda inapofunguka. Pigo linalokwenda kasi huacha mvuto nyuma yake, na mvuto huo husaidia kutoa moshi wa silinda inayofuata. Bomba likiwa jembamba sana, moshi unakwama. Likiwa pana kupita kiasi, moshi unapoteza kasi na ule mvuto unapungua. Tulikubaliana inchi mbili na nusu. Nilifurahi kugundua kwamba hata kwenye bomba la moshi kuna kiasi, na kiasi hicho lazima mtu akitafute.

Ufundi huu una ukoo wake katika Afrika Mashariki. Mwaka 1965 Joginder Singh, Mkenya aliyekuwa fundi kabla ya kuwa nyota, alishinda Safari Rally akiwa na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544 ambayo ilikuwa imekwishatumika. Magari mapya ya timu za viwanda yalibaki nyuma yake. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kijana wa kijijini anayechokonoa gari la mtumba anapoteza muda. Anayejua kwa nini kona ya bomba isiwe kali anajua kitu cha kweli kuhusu dunia.

Shida ilianza na bomba lenyewe, hata kabla gari halijawashwa. Bomba la maji lililopakwa zinki ni rahisi kupatikana na halishiki kutu haraka. Lakini zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe, na mchomeleaji akiuvuta anaweza kulala na homa usiku huo. Fundi alichagua bomba jeusi lisilo na zinki. "Hilo jingine litadumu kwako," alisema, "mimi litanilaza." Ningeweza kubembeleza. Ningeweza kuongeza hela kidogo, naye ana familia, pengine angekubali. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza jambo ambalo baadaye nililikuta kila mahali chini ya gari: uzuri wa kitu changu unaweza kulipiwa na kifua cha mtu mwingine, na hesabu hiyo haionekani kwenye risiti.

Kisha tukafika kwenye masega.

Kati ya injini na sailensa kuna kifaa chenye vitundu vidogo vingi kama sega la nyuki. Vitundu hivyo vimepakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wa moto ukipita humo, kaboni monoksidi na mafuta ambayo hayakuungua hugeuka kuwa hewa ukaa na mvuke wa maji, na oksidi za nitrojeni hurudi kuwa nitrojeni ya kawaida. Kwa sababu ya madini hayo, masega yana soko. "Kaka, hayo yana mnunuzi," fundi alinidokeza, bila kunilazimisha. Hoja za kuyatoa ni tatu na zote ni za kweli: utapata hela, moshi utapita kwa urahisi zaidi, na gari litalia kwa sauti nzito.

Jiulize sasa nini hutokea ukiyatoa. Ndani ya gari, hakuna. Dereva hasikii harufu mpya, hakohoi, macho hayamwashi. Vioo vimefungwa, muziki umewashwa, na kila kilichokuwa kikimalizwa na masega sasa kinatoka nyuma. Nyuma kuna bodaboda iliyombeba mama na mtoto mgongoni. Kuna mchunga ng'ombe wa miaka tisa ambaye kimo chake kinamweka karibu sana na mdomo wa bomba. Sumu haikutoweka kwa sababu mimi siioni. Imehama tu, kutoka kwenye gari langu kwenda kwa mtu ambaye hakupata senti ya yale madini.

Tabia hii ya kuhamisha ina historia kubwa kuliko gereji yetu. Mwaka 1921 Thomas Midgley, mtafiti wa kampuni ya General Motors huko Marekani, aligundua kwamba kiasi kidogo cha risasi kikichanganywa na petroli huzuia injini kugonga. Ule mgongo wa injini uliokuwa ukiwaudhi madereva ukatulia, na kwa miongo mingi dunia nzima ikaendesha magari yaliyotulia. Risasi ilikwenda wapi? Ilitoka kwenye mabomba, ikatua kwenye vumbi la barabara, ikaingia kwenye damu ya watoto, ambako hudhuru ubongo. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa 2006. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Kwa karibu miaka 100 utulivu wa dereva ulinunuliwa kwa vichwa vya watoto wa wapita njia. Wengi wa madereva hao walikuwa watu wema waliowapenda watoto wao. Wema wao haukuwasaidia kitu wale waliokuwa nyuma, kwa sababu nyuma hapakuwa mahali walipotazama.

Mlio ni kesi ngumu zaidi, kwa kuwa mlio si sumu na mimi naupenda.

Sisi Wasukuma hatujawahi kuogopa sauti. Kwenye ngoma zetu Bagika na Bagalu wamekuwa wakishindana tangu enzi za mababu, na katika sikukuu ya Bulabo kule Bujora, karibu na Mwanza, makundi hucheza kwa wakati mmoja kila moja likijaribu kuwavuta watazamaji. Mshindi ni yule ambaye watu wamemfuata. Nimewahi kusikia vijana wakiutumia utamaduni huo kutetea ekzosi zao: sisi ni watu wa ngoma, wanasema, kwa nini tuvumilie ukimya wa Wazungu? Ni hoja nzuri, lakini inasahau miguu. Kwenye Bulabo msikilizaji ana miguu. Ngoma ikimchosha anahamia upande wa pili, na kuhama kwake ndiyo kura. Mgonjwa aliyelala kwenye nyumba iliyo kando ya lami hawezi kuhama. Ngoma humwomba mtu amsikilize mchezaji. Bomba lisilo na sailensa halimwombi mtu.

Wapo wanaosema mlio mkali huokoa maisha, kwamba ng'ombe na watoto husikia gari mapema. Hoja hii nayo haistahili kudharauliwa. Ulaya imelazimisha magari mapya ya umeme kutoa sauti yakiwa kwenye mwendo mdogo, kuanzia na miundo mipya mwaka 2019, kwa sababu ukimya wao ulikuwa hatari kwa waendao kwa miguu. Lakini tazama bomba limeelekezwa wapi. Limeelekezwa nyuma. Sauti yake kubwa kuliko zote inamfikia mtu ambaye gari limekwisha kumpita. Madereva wa Safari Rally, waliokuwa wakikimbia kwenye barabara zilizo wazi zenye mabasi na mifugo, walijua kwamba onyo huelekezwa mbele: waliwasha taa mchana na kufunga honi kali, na miaka ya baadaye timu kubwa zilituma helikopta kutangulia. Kama ninawajali watoto wa Dutwa kweli, nitakagua honi na breki, na nitapunguza mwendo hadi kilomita 50 kwa saa nikiingia kijijini kama sheria inavyotaka.

Sheria ya kelele pia tunayo. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kuna kanuni za 2015 zinazodhibiti kelele na mitetemo. Lakini kelele hupimwa kwa kifaa, na kifaa hicho sijawahi kukiona barabarani kwetu. Kwa hiyo saa tano usiku, kati ya mimi na mgonjwa aliye nyuma ya ukuta wa matofali, hakuna askari wala mita. Kuna pedali ya mafuta na mguu wangu tu. Maadili huanzia hapo, mahali ambapo hakuna wa kukukamata.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na kwa bahati walikuwa wakieleza sailensa. Fungua sailensa nzuri ya aina ya kunyonya sauti: ndani kuna bomba lenye matundu, limezungukwa na sufi ya kioo au ya chuma, vyote vikiwa ndani ya mtungi. Mlio unaingia kwenye matundu, unapotelea kwenye sufi, na nguvu yake inageuka kuwa joto dogo. Ni debe lililojazwa. Tuliitengeneza yetu kwa bati nene, tukaijaza vizuri, tukaifunga.

Baada ya ekzosi tulihamia kwenye springi na shokapu, na huko nilikuta fikra ninayotaka kukuachia.

Huku watu wengi hunyanyua magari. Wanaweka spesa juu ya springi ili gari lipite kwenye mashimo na matuta. Wapenzi wa spoti hufanya kinyume: wanakata koili moja ya springi kwa grainda, gari linashuka, linapendeza. Springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi, kwa kuwa koili zinazofanya kazi zimepungua, na nafasi ya kubonyea imebaki ndogo. Ukipita kwenye tuta, gari linagonga mwisho wa safari yake. Chuma hakilalamiki, lakini mtikisiko ule lazima uende mahali. Unapanda kwenye kiti na kuingia kwenye kiuno cha abiria. Dereva ameshika usukani na analiona tuta kabla, kwa hiyo mwili wake umejiandaa. Aliyekaa nyuma halioni. Mama yangu hukaa nyuma.

Springi peke yake haimalizi mtikisiko. Inauhifadhi na kuurudisha, ndiyo maana gari lenye shokapu mbovu hudunda dunda baada ya tuta. Anayemaliza ni shokapu. Ndani yake mafuta yanasukumwa kupita kwenye vitundu vidogo, yanakataa, yanapata joto, na mtikisiko unaishia hapo. Ukigusa shokapu baada ya njia mbaya utaikuta ya moto. Moto huo ni yale mapigo ambayo hukuyapata wewe.

Sasa viweke vitatu mezani: masega, sailensa, shokapu. Cha kwanza kinapokea sumu, cha pili kinapokea kelele, cha tatu kinapokea mtikisiko. Kazi yao ni moja, kupokea kibaya kilichozalishwa na safari yangu na kukimalizia ndani ya gari langu kabla hakijamfikia mtu. Hakuna kati yao kinachoongeza mwendo, na hakuna anayepiga picha na shokapu yake. Ndiyo maana ndivyo tunavyovitoa, kuvikata au kuvipuuza kwanza. Lakini gari likikosa shokapu, mtikisiko hutafuta shokapu nyingine, nayo huwa ni mgongo wa mtu. Likikosa sailensa, kelele hutafuta sailensa nyingine, nayo huwa ni usingizi wa mtu. Likikosa masega, moshi hutafuta masega mengine, nayo ni mapafu. Kazi ile lazima ifanyike. Swali ni nani ataifanya, na kama aliombwa.

Utaniambia malori ya pamba yanatoa moshi mweusi kuliko Altezza kumi, na baa ya jirani inapiga muziki hadi alfajiri. Ni kweli. Lakini kosa la lori halinipi mimi kibali, kama ambavyo mwizi wa ng'ombe hahalalishi mwizi wa kuku. Kuna pingamizi linaloniuma zaidi: kijana wa mahali kama hapa ana njia chache za kusikika. Hana redio wala jukwaa, na hakuna anayemsikiliza akizungumza ofisini. Bomba linaponguruma, kwa sekunde kumi kijiji kizima kinajua yupo. Siwezi kulicheka hilo, nalijua kutoka ndani. Ninachoweza kusema ni kwamba anayelipia kusikika kwetu mara nyingi ni mtu anayesikika kidogo kuliko sisi: mchunga ng'ombe, mgonjwa, mama mwenye kichanga. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Kwa hiyo masega yamebaki, sailensa imejazwa, springi hazikukatwa, na shokapu ni mpya. Kabla ya kukubali kazi ya ekzosi, nilimpa fundi ufunguo, nikaenda nyuma ya gari, nikachuchumaa hadi kichwa changu kikawa kwenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, nikamwambia apige resi. Ninaipendekeza njia hii kwa yeyote anayejenga kitu kitakachopita mbele ya watu wengine, kiwe gari, duka, shule au sheria. Haihitaji mita. Altezza bado inalia, sauti ya chini na ya mviringo, na ukikanyaga mafuta kwenye barabara tupu kuelekea Lamadi inapanda kwa namna inayonifanya nicheke peke yangu.

Nilichobaki nacho ni kazi ndogo ya kila baada ya miezi michache. Shokapu ikianza kufa haipigi kelele. Inavuja mafuta kidogo kidogo upande wa ndani, mahali ambapo mpita njia haoni, huku ikiendelea kupokea mapigo. Ili kujua, lazima uiname na kutazama chini ya gari.